Mkulima wa Milimani

Hapa Memphis, jirani yangu Verlon Tuggle atakutajia mshahara wake kabla hajakutajia anakonunua mbavu za nguruwe za mashindano ya kuchoma nyama. "Kuna mkulima wangu milimani," husema, basi.

Mwongo mkubwa yule! Alhamisi nilimkuta supamaketi ya mtaani kwetu, kofia hadi puani, miwani myeusi, anageuzageuza mbavu akitafuta zenye nyama nene, zisizotokeza mfupa. Nilicheka hadi nikajishikiza kwenye friji.

"Dada Odessa, nifichie siri!"

"Nikufichie? Na hili wigi unadhani nimelivalia harusi?"

Muuza nyama akapaza sauti: "Wa mashindano, foleni yenu ile pale!"

Tukageuka. Mabingwa wote wa mji walikuwa wamejipanga hadi mlangoni, kila mmoja na miwani yake, kila mmoja na mkulima wake wa milimani.