Marahaba Iliyobaki Mdomoni

Baiskeli yangu haikumaliza wiki nyumbani kwetu kabla haijashitakiwa. Mshitaki alikuwa jirani yetu wa mlango wa mbele, mwanamke anayemzidi mama umri kidogo, ambaye kazi yake kubwa siku hizi ni kukaa barazani na kuhakikisha kuwa mji unapita salama. Alivuka njia, akaketi, akakubali chai, akauliza habari za kila mtu aliye hai katika ukoo wetu, ndipo akasema lililomleta. Asubuhi nilipita mbele yake nikiwa juu ya baiskeli, nikasema shikamoo, na yeye kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshafika msikitini.

"Marahaba yangu imebaki mdomoni," alimwambia mama. "Nimpe nani?"

Mama aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa bintiye amekamatwa na kuku wa watu. Mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza, mwanamke mzima niliyevuka arobaini, mwalimu wa shule ya msingi, nikijiziba mdomo kwa upindo wa kanga nisicheke.

Lazima nieleze kwa nini baiskeli hiyo nilikuwa naipenda kupita kiasi. Ndoa yangu ilipokwisha nilirudi Bagamoyo kwa mama, na mtu akirudi kwa mamaye, mji mzima unajipa kazi ya kumlinda. Nikienda sokoni naulizwa naenda wapi. Nikirudi naulizwa nimetoka wapi, na mtu yuleyule, aliyeniona nikienda. Ile baiskeli niliinunua kwa wauza mitumba, nyekundu, ina kikapu mbele na keria nyuma, na tangu nilipoipanda nikagundua jambo tamu sana: swali la naenda wapi linaanzia mbele yangu na kumalizikia nyuma yangu, na mimi simo. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilikuwa peke yangu, mchana kweupe, katikati ya watu. Shule yangu iko nje kidogo ya mji na njia nzima nilikuwa naimba.

Basi nilimweleza mama kuwa salamu nilitoa. Kama jibu lilichelewa, hilo ni suala la mwendo, si la adabu. Mama alinijibu kwamba marehemu baba alikuwa na baiskeli miaka yote ya ndoa yao na hakuna aliyewahi kubaki na marahaba mdomoni. Ni kweli. Baba alikuwa akifika kwenye baraza anashuka, anasalimia, anaulizwa, anajibu, anaaga, na kwa kuwa mabaraza ya Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo yameshikana nyumba kwa nyumba, hakuona sababu ya kupanda tena. Baiskeli ile aliitembeza mji mzima kama anayempeleka mbuzi malishoni. Alipofariki, tairi zake zilikuwa bado nzuri.

Nilijaribu kujirekebisha, nisije nikaonekana mkaidi. Nilianza kutoa shikamoo mapema, nikiwa bado mbali, ili jibu linikute njiani. Siku ya kwanza ya mbinu hiyo, shikamoo yangu niliyomtupia mzee mmoja mbele ya duka ilimpita mzee, ikapokelewa na kijana muuza vocha ambaye nilimfundisha darasa la nne. Alinijibu marahaba kwa sauti nzito, na juma zima akawa anatembea mtaani mikono nyuma. Nikaona nitumie kengele, niipige kidogo kwa heshima kisha niinamishe kichwa. Jioni yake jirani alivuka tena njia kumuuliza mama kama siku hizi watu wazima wanaitwa kwa kengele, na kama ni hivyo, yeye anataka barafu ya ukwaju.

Tegemeo langu lilikuwa ile barabara ya lami ya kwenda Kaole, maana pembeni yake waliacha kipande safi, wakapiga mstari mweupe, wakachora na picha ya baiskeli ili asiyejua kusoma naye aelewe. Nilisema hapo sasa nimepona. Hapo hakuna baraza. Sikuwajua watu wangu. Ndani ya mwezi mmoja kipande kile kilikuwa ndicho baraza zuri kuliko yote mjini: kinafagiliwa na upepo, hakina tope, na jioni kina kivuli cha kuta. Wazee walileta viti na ubao wao wa bao. Mama mmoja alianika uduvi wake juu kabisa ya ile picha ya baiskeli, na nilipomwomba anipishe alinionyesha kwa upole kwamba hajavuka mstari.

Mashitaka yakaongezeka. Mwishowe mama alinikalisha kitako akasema imetosha. Mdogo wake, mjomba wangu wa Fukayosi, ana shamba la mananasi na hana cha kubebea; Ijumaa atakuja mjini kuswali, akiondoka ataondoka na baiskeli. Mjomba mwenyewe alishapigiwa simu, na alichouliza ni kama keria inahimili magunia.  Nilimwambia mama, bila kupamba, kwamba akiichukua baiskeli ile ananirudisha ndani na kufunga mlango.  Alikwenda kuswali, akakaa juu ya mswala muda mrefu kuliko kawaida, akarudi na hukumu ya pili.

Alisema tatizo si baiskeli. Tatizo ni mimi, sijui kusalimia nikiwa juu yake. Jumapili atapanda nyuma nimpeleke Kaole kwa dada yake, na njia nzima yeye ndiye atakayesalimia, ili nione inavyofanywa. Akifika amemsalimia kila anayestahili, tena mkate wa kumimina aliomwahidi dada yake ukiwa bado wa moto, basi nimekosa hoja na baiskeli iende Fukayosi. Akishindwa, ibaki. Angeweza kuchukua bajaji kama siku zote, lakini alitaka kunitia adabu, na mama akitaka kumtia mtu adabu hajali usafiri.

Nilikubali haraka mno, akanitazama kwa shaka.

Jumapili nilimfunga buibui vizuri lisiingie kwenye spoki, akaketi upande, mkono mmoja umeshika mkanda wangu. Mkate nikauweka kikapuni, umefungwa kwa kitambaa, bado unafuka. Njia fupi ya kutoka mtaani kwetu inapita nyuma ya shule, ambako hakuna mtu. Mimi nikakata kushoto, nikaingia uchochoro wenye mabaraza marefu kuliko yote.

Kwenye baraza la kwanza mama alinigusa mgongoni, nikasimama. Alishuka kwa kunishika bega, akavuta pumzi, akasalimia. Aliulizwa habari za magoti, naye akauliza habari za mbuzi aliyepotea. Mbuzi alikuwa amepatikana, na kupatikana kwake kulikuwa na hadithi. Alipanda tena kwa kukanyaga ngazi ya baraza hilo. Nilikanyaga pedeli mara chache tukafika baraza la pili, ambako walikuwa wameshasikia habari za mbuzi na walitaka kuzisahihisha.

Nilimsaidia, msinione mbaya. Kila alipotaka kupumzika nilimwonyesha mtu. Nilimwambia, "Mama, yule si mke wa seremala? Yuko ndani, lakini dirisha liko wazi." Akashuka akamsalimia dirishani. Nilimwonyesha mzee aliyekuwa anasinzia kwenye kiti, nikauliza kwa unyenyekevu kama aliyelala husalimiwa au hupitwa. Mama alifikiri, akasema husubiriwa kidogo. Tukamsubiri. Mzee alipoamka akatukuta tumesimama mbele yake na baiskeli, alidhani kuna msiba.

Tulipofika kwenye ule mstari mweupe, nguo ya mama ilikuwa imelowa jasho mgongoni na mkate umeacha kufuka. Wacheza bao walikuwapo na viti vyao. Hapo hakushuka, alisalimia akiwa amekaa, mimi nimeweka mguu chini. Kwa mama wa uduvi nilipunguza mwendo tu, akatoa salamu tukiwa tunatambaa. Kwa fundi cherehani aliinua mkono.  Nilikaza uso nikatazama mbele, na nilikuwa na raha ya kukosa haya.

Baada ya nyumba za mwisho barabara inainama kidogo kuelekea Kaole, minazi huku na huku, na siku ya Jumapili asubuhi inakuwa tupu. Baiskeli ilianza kwenda yenyewe. Nikaacha kukanyaga. Upepo ukaingia kwenye buibui la mama likavuma, na nyuma yangu kukawa kimya kiasi kwamba nilidhani nimemwangusha. Nikapeleka mkono nyuma kumpapasa, akanipiga kofi mkononi, kwamba nitazame mbele. Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Mama alikuwa anacheka. Si kile kicheko chake cha wageni, cha kuziba mdomo. Kilikuwa kinamtoka chenyewe, kinakatika na kuanza upya kila tulipopita kwenye kibonde, na nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, kwa kuwa nimeishi naye miaka yote hii na sikuwahi kukisikia.

Hapo ndipo nilipomwona jirani yetu wa mlango wa mbele. Alikuwa anatoka kwenye hitima, na wenzake wawili, wanakuja kwa miguu kwenye kipande chetu cha baiskeli, miavuli imefunguliwa. Salamu ya jirani yetu ukiianza asubuhi uwe umeshaaga nyumbani. Nilishika breki. Safari hii sikuwa na hila. Nilishika kwa mazoea ya hofu.

"Kanyaga," mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Mama, ni jirani."

"Nimemwona. Kanyaga."

Nikakanyaga. Nyuma yangu mama alivuta mtandio ukafunika uso mzima, akainamia mgongo wangu kama mzigo. Tulipowafikia nilipiga shikamoo yangu ile ile inayolalamikiwa, na tulikuwa tumeshawapita niliposikia marahaba ikianguka lamini, na maswali mawili matatu nyuma yake. Mama alijaribu kujizuia asicheke. Alishindwa kabla ya kona.

Mkate ulifika baridi. Mama mkubwa aliula akausifu, na wale dada wawili walikaa mkekani wakiongea mpaka adhuhuri.  Wakati wa kurudi, watu wachache waliokuwa nje mama aliwasalimia kwa utaratibu kabisa, kama anayelipa.

Baada ya alasiri jirani alivuka njia. Nilimwona kupitia dirisha nikajua hukumu imefika. Mama naye alijua. Alikunja mkeka na kuukunjua pasipo sababu. Nilileta chai, na safari hii sikurudi jikoni. Nilikaa kwenye kizingiti, maana kilichokuwa kinakwenda kuamuliwa kilikuwa changu.

Jirani alikunywa taratibu. Aliuliza habari za wote. Kisha akasema, "Leo mwanao kanipita na mwanamke nyuma. Kajifunika gubigubi. Hakunisalimu."

"Mgeni huyo," mama alisema.

"Mgeni wa wapi?"

"Wa bara."

Jirani alitikisa kichwa kwa huruma. "Nikajisemea. Mtu wa huku hawezi kupita vile."

"Hawezi," mama akakubali, na macho yake yakatafuta kitu ukutani.

Kikombe kikajazwa tena. Jirani alikizungusha mkononi, akasema mgeni wetu yule ana kicheko. Walimsikia mpaka alipopotea kwenye kona. Yeye maisha yake yote amekijua kicheko kimoja tu cha namna ile, cha msichana mmoja wa mtaa huu huu, na alikisikia mwisho kabla msichana huyo hajaolewa.

 Mama alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika kwenye sahani. Nilitaka kuinuka nikamwokoe, lakini sikujua namna. Jirani alifuta sahani kwa kidole, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mchicha, "Na kule nyuma, haumii mtu?"

"Kidogo tu," mama alisema. "Ukikunja kanga ukaikalia, wala huhisi."

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Sijawahi kumwona mama akiona haya mbele ya mtu. Aliangalia magoti yake kama msichana. Jirani hakucheka. Alimaliza chai yake, akapangusa midomo.

"Basi Ijumaa mwanao anipakie mimi," akasema. "Nina binti yangu njia hiyo hiyo."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mjomba. Nilimtazama mama.

"Ijumaa haiwezekani," mama alisema. "Ijumaa naenda mimi kwa dada. Wewe subiri Jumamosi."

Wakakubaliana Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mimi mwenye baiskeli hakuna aliyeniuliza.