Injini Iliyobisha Hodi Kibanjani

Nakumbuka mchana mmoja wa ukungu kule Muleba, mwanangu, ukungu mzito ambao ungeweza kuukata kwa panga ukaufunga kwenye jani la mgomba. Mimi na rafiki yangu Kaijage tulikuwa tumepanda mlima kutoka ziwani, mlima unaomfanya hata mbuzi atafute pa kuegemea, ndani ya pikapu ya marehemu baba yake. Tukasimama kibanjani kwao, karibu kabisa na kaburi la mzee pale kati ya migomba. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu. Kisha tukasikia: ko, ko... ko.

Mama yake, Ma Adventina, akatoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akasimama kama amepigiliwa misumari. Mumewe alibisha mlango kwa fimbo hivyo hivyo maisha yake yote: mara mbili haraka, anangoja, kisha mara moja.

"Anakuita," akamwambia mwanawe. "Anataka umfuate."

"Hapana, mama. Ananibariki."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuruka nje. Watu wa kijiji kile wanadai nilikimbia nikafika Bukoba mjini kabla mlango wa gari haujajifunga. Wanapunguza.

Kaijage ndiye aliyekuwa mrithi. Miezi kadhaa tulikuwa tumejifungia kwenye gereji moja ya Kashai, Bukoba mjini, tukiijenga upya injini ya mzee ili Kaijage aipeleke kwenye mbio za kupanda mlima. Tulitia kemshafti kali, mhimili unaoamua vavu zifunguke kiasi gani, tukatia na vavu zenyewe, vile vizibo vya kuingiza na kutoa hewa, kubwa na ndefu kuliko za zamani. Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, hivyo nilijiona najua kila kitu, kuanzia aljebra hadi malaika. Kitu kimoja tu Kaijage hakukubali kibadilishwe: shafti ya roka. Roka, mwanangu, ni vile vimikono vya chuma juu ya injini vinavyobonyeza vavu zifunguke, na shafti ndiyo chuma kinachovibeba. Baba yake alizifunga kwa mikono yake muda mfupi kabla ya kufariki, na Kaijage alishikilia kwamba mrithi habadilishi alichofunga baba. Tukazirudisha zilivyokuwa. Na injini ikatoka na nguvu! Ikinguruma Miembeni, samaki ziwani wanahamia Uganda.

Lakini mjini ilikuwa kimya. Njiani kimya. Tukifika kaburini, inabisha. Siku ya ukungu inabisha, siku ya jua inabisha, na ikianza, kuku wanaacha kudonoa. Ma Adventina akaacha kula. Alisema gari lile likienda kwenye mbio, mwanawe hatarudi, atalazwa kando ya baba yake.

Nikaenda Kagondo kumwita Ta Laurenti, yaani Mzee Laurenti, fundi wa zamani na mzee wa kanisa, nikidhani atakuja na Biblia. Alikuja na spana na kalamu ya wino mzito.

"Inabisha ikiwa ya baridi?" akauliza.

"Hapana, Ta."

"Mkiteremka?"

"Hapana."

"Basi marehemu huyu anapenda injini iliyochemka."

Akaiacha ipoe, akafungua mfuniko, akatoa roka, akapaka wino kwenye ncha za vavu. Akafunga roka, akamwambia Kaijage aizungushe injini kwa mkono, polepole. Kisha akazitoa roka tuangalie. Wino ulipaswa kufutika mstari mwembamba katikati ya ncha. Ulikuwa umefutika mpana, mpaka ukingoni, kama umekwanguliwa na kucha ya kitu kilichofungiwa ndani kinachotafuta pa kutokea. Kaijage akarudi nyuma.

"Vavu zimerefuka," Ta Laurenti akasema, "kemshafti inazisukuma mbali zaidi, na roka mmeziacha chini palepale. Sasa zinaisukuma vavu kwa ubavu. Ikipata joto la mlima inakwama kidogo, inachelewa kurudi, roka inagonga. Siku moja haitarudi kabisa. Pistoni itaikuta njiani, na wewe utakuwa kwenye kona."

Majani ya migomba yalikuwa yakidondosha maji juu ya kaburi.

"Mmoja anasema mwanawe anaitwa. Mwingine anasema anabarikiwa. Na huyu msomi wa jioni anakimbia. Mmempa marehemu kazi yenu! Yeye alipima injini yake. Hii ni nyingine. Nani ameipima?" Ta Laurenti akauliza.

Kaijage akaenda kaburini, akasema jambo kwa Kihaya ambalo hatukulisikia, akarudi, akafungua boliti za shafti mwenyewe. Tukazibadilisha bushi za vavu, vile vijibomba vinavyoziongoza, zilizolika upande. Tukaiinua shafti kwa vipande vyembamba vya chuma chini ya miguu yake, tukapaka wino, tukazungusha, tukapunguza, tukaongeza, mpaka vavu ikiwa nusu ya safari yake roka ikakaa nayo pembe mraba, na mstari ukawa mwembamba, katikati. Hata fimbo za kusukumia roka zikabidi ziwe ndefu zaidi.

Tukapanda mlima. Kando ya kaburi Kaijage akaiacha injini ikiunguruma, tukangoja. Kimya. Kuku wakaendelea kudonoa. Nikamgeukia, nikaona machozi.

"Ameondoka," akasema.

Kumbe yeye alikuwa anaingojea sauti ile kuliko sisi sote.

Ndipo tukasikia: ko, ko... ko. Mawe, mama yangu! Nikashika kitasa cha mlango tayari kuruka. Ma Adventina alikuwa amesimama ndani ya ukungu, ameshika fimbo ya mumewe, anagonga boneti.

"Nimebisha mimi," akasema. "Nenda, urudi."

Alienda. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, ingawa mimi huwasimulia watu kwamba aliwaacha wote tarafa nzima nyuma. Na alirudi.

Basi, mwanangu, ukirithi kitu ukakibadilisha, kipime upya chote, hata pale alipopima baba. Kupima si kumdharau. Paka wino, zungusha kwa mkono, tazama. Na sauti usiyoielewa usiipe jina la mtu kabla hujafungua mfuniko. Ukishafungua, ukapima, na bado inabisha, njoo uniite tukimbie wote wawili.

Mungu akupe mkono mtulivu, na kila mlima utakaoupanda, juu yake awepo mtu anayekungoja ufike.