Kifo cha Mjomba Kwenye Shuka

Juzi, hapa Kasongo nilikorudi na diploma yangu, ya kwanza katika ukoo wetu, niliwakuta vijana wakitazama filamu kwenye simu, nikamkumbuka mjomba Kalume. Mji mzima ulimheshimu kwa filamu moja tu aliyoigiza, iliyopigwa na mapadri nilipokuwa mtoto.

Mchana ilipoonyeshwa, madirisha ya parokia yalifunikwa mablanketi, tukakaa gizani katika harufu ya petroli ya jenereta na jasho. Kwenye shuka jeupe mjomba alianguka kutoka juu ya mchikichi, akafa. Bibi, mama yake, akapiga yowe la msiba, na wanawake wote wakaitikia.

“Mama, niko hapa! Niko muzima!” alisema mjomba, ameketi kando yetu.

“Nyamaza weye! Acha tulie mutu wetu.”

Mimi, ambaye baadaye nilisomea mambo ya kamera kwa Wazungu wenyewe, niliamini wako wawili. Nikampapasa huyu wetu miguu, nijue kama ina joto.

Padri akaja akicheka, akamwomba mjomba aigize filamu ya pili. Mjomba alitamani mno. Bibi akapangusa uso.

“Kufa tena? Machozi yako nimeisha kuyalia leo. Siku utakufa kweli, nitakulilia na nini?”

Mjomba akamwambia padri atafute mutu mwingine.