Maswali Mbele ya Mkwe

Kazi hii niliipata kwa sababu ya mdomo. Watafiti walipofika Matinyani kuchunguza jinsi akili ya mtu inavyozeeka, walitaka kijana wa kuuliza wazee maswali kwa Kikamba bila kuwachosha. Mwalimu wetu wa kwaya akanisukuma mbele: "Mchukueni huyu. Hata na mbuzi anaongea." Alama zangu za kidato cha nne hazikuwa za kutangaza, lakini nilifundishwa, nikapewa tableti na fulana, nikaanza kutembea kama daktari.

Maswali yenyewe ni mepesi. Unamtajia mzee maneno: jembe, mkate, daraja, ndizi, blanketi. Mnaongea mambo mengine kidogo, kisha unamwomba ayarudie. Unamuuliza leo ni siku gani. Unamwomba ataje wanyama wote anaowakumbuka, na hapo nilikuwa nacheka sana, kwa sababu wazee wetu wakianza na mbuzi hawatoki kwa mbuzi: yule mweusi, yule wa masikio mafupi, yule aliyeibwa.

Kulikuwa na susu mmoja, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, aliyekaa peke yake karibu na mto mkavu. Binti yake ameolewa Malili, upande wa Makueni, na mumewe ana duka la mabati na misumari kando ya barabara ya Mombasa. Huyo binti alikuwa na hofu. Mama aliacha muthokoi motoni mpaka mahindi yote yakawa makaa. Siku nyingine aliuliza jambo moja asubuhi nzima. Basi wakapatana na mumewe kwamba majibu ya mama yakiwa mabaya, atahamia kwao Malili siku hiyo hiyo.

Susu alijua. "Nikienda huko," aliniambia, "nitakuwa naangalia malori tu. Na kuku wangu ataongea nao nani?"

Siku ya maswali mke na mume wakaja na pikapu. Huyo mkwe ni mtu wa roho safi. Akajitafutia kiti, akakaa karibu kabisa na susu ili asaidie. Nikaanza.

Susu akavuta leso ikamfunika uso, akageukia ukuta. Nikataja maneno, kimya. Leo ni siku gani? Kimya. Wanyama? Hata mbuzi mmoja hakumtaja.

"Mama, sema tu ng'ombe," mkwe akamwambia kwa upole.

Leso ikashuka zaidi. Binti akaingia ndani analia, akaanza kukunja nguo za mama yake. Mimi nikabonyeza sifuri juu ya sifuri, na machozi yananilenga. Mkwe akatoka kwenda kutengeneza nafasi nyuma ya pikapu.

Alipopotea tu kwenye kona, leso ikafunuka.

"Jembe, mkate, daraja, ndizi," susu akanong'ona. "La mwisho limenitoroka. Na wewe mtoto, ulilelewa wapi? Utaniulizaje mambo mbele ya mume wa binti yangu?"

Nikashika kichwa. Nthoni! Kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake wanaoneana aibu ya heshima. Hawakai pamoja wakitazamana, na wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Sisi vijana wa kanisa tunasema mambo hayo yaliisha zamani. Kwa susu hayakuisha. Jumapili anaimba na akina mama, Jumatatu anamkwepa mkwe.

"Sasa mnataka nilale chini ya bati lake?" akauliza. "Afadhali nilale na hayo malori."

Binti alitoka na gauni mkononi, akasikia, akacheka huku bado analia. "Mama, si ungesema!"

"Ningesemaje na yeye amekaa hapo?"

Binti akaenda kumweleza mumewe, na ikabidi maneno yapitie kwangu. Mkwe akasimama nyuma ya kibanda cha jiko, sisi tukabaki mbele. Ukuta ni wa fito na udongo, kila kitu kinasikika, lakini adabu ni adabu.

"Mwambie mama sitaki aungue na moto."

"Susu, anasema hataki..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie asante, lakini siendi."

"Anasema..."

"Nimesikia," mkwe akajibu. "Mwulize, na ule muthokoi?"

Mzaha uliisha hapo. "Mwambie ni kweli," susu akasema polepole. "Nawasha moto, naenda kwa kuku, moto unanitoka akilini. Lakini hapa, nikisahau njia, miguu inaikumbuka. Malili miguu itakumbuka nini?"

Nilizunguka jiko kumpelekea maneno hayo, ingawa alikuwa ameyasikia yote. Nilimkuta anaangalia viatu vyake.

"Mwambie abaki," akasema. "Lakini asipike peke yake."

Hilo lilikuwa ndani ya kazi yetu, na nikalieleza kwa furaha mpaka nikakosa pumzi. Mradi unafundisha majirani kuangalia wazee, na mara moja kwa wiki wazee wanakutana katika ukumbi wa kanisa, wanasuka vyondo, wanaimba, wanakula pamoja. Ndoto yangu ni kuona ukumbi kama huo kila kijiji, mpaka Nuu, na kama Mungu akipenda mimi ndiye nitakuwa na funguo.

Pikapu ikarudi Malili bila susu. Tuliporudia maswali, tukiwa wawili tu, siku ya wiki ilimshinda, lakini mbuzi walijaa. Mkubwa wangu wa mradi alisema ugonjwa upo, ndio umeanza, na tutatembea naye.

Sasa jirani anakuja saa ya kupika. Siku ya kikundi anambishia hodi na kumwambia leo ni leo, na susu anauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Wakifika ukumbini, jirani anatafuta kiti. Susu hana haja ya kiti. Wimbo umeshaanza bila yeye, na wameuanza chini sana, kwa hiyo anawanyamazisha wote waanze tena.