Sauti Aliyoituma Bertha

Bertha wa Ilomba, jamani, alikuwa na mdomo! Katibu wa jumuiya, msomaji wa matangazo kanisani, na hakuna aliyethubutu kusinzia akisoma yeye. Sasa mwanawe Paskalina, wa miaka sita, kuku alimwita "tutu" na kaka alimwita "tata". Watoto wa jirani walimwiga mpaka mbavu ziwaume. Bertha alitamani ardhi ipasuke immeze. Ikawa jumuiya ikisali kwake, Paskalina anatumwa jikoni kuangalia maharage.

Walipokuja watafiti wakitafuta watoto wenye shida ya kutamka, Bertha aliwahi kumwandikisha. Watoto walitakiwa ishirini tu, na waliokosa nafasi walikuwa wengi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: mzazi na mtoto wafanye mazoezi nusu saa kila siku, na kila Ijumaa amrekodi mtoto akieleza picha, amtumie Eliezeri, mtaalamu wa matamshi. Baadhi ya sauti hizo zingesikilizwa kwenye kikao cha wazazi.

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Alimrekodi mtoto, akasikiliza, akafuta. Kisha akamwita Faustina, binti wa dada yake, aliyelingana umri na Paskalina na mwenye ulimi mwepesi. Akamfundisha kuboronga kidogo wiki ya kwanza, wiki ya pili apunguze, ya tatu apunguze tena. Ujanja gani huo, mama mzima! Nusu saa za Paskalina zikaishia kwa Faustina, mwenyewe yuko jikoni na maharage yake.

Siku ya kikao, Eliezeri alikuwa anacheka peke yake kwa furaha.

"Mama Paskalina, hongera! Mwanao amepona ndani ya wiki sita. Leo tunamtoa, nafasi yake tunampa mwingine."

Wazazi wakapiga makofi. Bertha mikono haikunyanyuka.

"Haya Paskalina, njoo. Kwenye picha hii unaona nini?"

"Tutu anatunywa maji," akasema mtoto, kwa sauti kubwa kabisa.

Makofi yakakatika. Eliezeri akaitazama simu yake, akamtazama Bertha. Mama mmoja aliyekuja na mtoto wake akisubiri nafasi akaguna, "Mh!"

Bertha akasimama. Sauti iliyozoea kujaza kanisa ilitoka kwa shida.

"Sauti zile si zake, mwalimu. Ni za mtoto wa dada yangu. Niliona aibu watu wamsikie wa kwangu. Mazoezi hajafanya hata siku moja." Akajifuta macho kwa kitenge. "Nitoeni mimi. Nitamleta mama yangu kutoka Tosamaganga afanye naye. Ila mtoto msimtoe, nawaomba."

Eliezeri alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Sauti zote nazifuta. Wiki sita zimeenda bure, mama. Mtoto atabaki, kosa si lake." Kisha akachuchumaa mbele ya Paskalina. "Niambie wewe. Unataka kufanya mazoezi na bibi, au na mama?"

Paskalina alimwangalia mama yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa mbele za watu wote.

"Na mama," akasema. "Ila asinionee aibu."