Mikono Miwili ya Wodi ya Tatu

Kwa miaka kumi na tisa Zélie Maugras alipiga pasi mashati ya watu wa Paris, wala hakuunguza hata moja. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, mwenye kiwanda cha kufulia alimnusa mdomo mbele ya wenzake.

"Mvinyo asubuhi yote hii?"

"Sijaonja kitu, bibi. Naapa."

"Mkono wako unasema mengine."

Akafukuzwa. Hata kaka yake, Anselme, akaacha kumwalika chakula cha Jumapili. Maradhi yalipozidi, Zélie akapokelewa katika hospitali ya wanawake, akalazwa wodi ya tatu, jirani na Aglaé, fundi wa maua ya karatasi, ambaye naye alitetemeka. Wote wawili waliandikwa ugonjwa mmoja: kutetemeka.

Zélie ndiye aliyemlisha mwenzake supu, na hapo ndipo alipogundua jambo. Mkono wa Aglaé ukilala juu ya shuka ulitulia tuli; akiunyoosha kushika kijiko, ukaruka mpaka supu ikamwagika. Wake yeye ulicheza ukiwa mapajani, ukatulia ukishika kijiko.

"Shoga, ugonjwa wangu umeuvaa kinyumenyume," Aglaé alimtania.

Daktari Lescure alipopita na wanafunzi wake, Zélie akajikaza akamweleza. Wanafunzi wakachekea viganjani. Daktari hakucheka. Aliketi kitandani, akawapa wote wawili bilauri ya maji, kwanza huyu, kisha yule.

"Rudia, mama. Polepole." Akatazama tena na tena. "Mwezi mzima nimehisi kuna kitu hapa, nisijue pa kuangalia. Haya ni magonjwa mawili."

"Na dawa yake, daktari?"

"Sina. Sitakudanganya."

"Basi niandikie barua kwa kaka yangu. Mwambie mimi si mlevi."

Akaiandika papo hapo, akatia sahihi.

Jumapili Anselme akaja, kofia mkononi, na sufuria ya sungura aliyepikwa kwa matunda makavu ya plamu.

"Dada, nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kaa, tule."

Zélie hakupona. Lakini tangu siku hiyo kaka yake hakukosa Jumapili hata moja, na wanafunzi wakawa wanamsalimu kwa jina.

"Nilikuja hapa nikijua nimekuja kufa," alimwambia Aglaé, "nikarudishiwa kaka, nikapata na shoga. Niseme nini zaidi ya asante?"

"Sema sungura amepungukiwa chumvi," Aglaé akajibu, akafungua mdomo kungoja kijiko kingine.