Shemeji Aliyeshika Ufunguo wa Programu

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mwembamba, mpole wa sauti, na haambiliki. Mchana hutengeneza printa za watu. Saa zilizobaki, kwa miaka tisa, alikuwa akilinda programu ya maktaba, ile ya kuorodhesha vitabu na kujua nani kaazima nini. Ni programu huria: haiuzwi, na kila mtu ana ruhusa ya kuifungua ndani na kuirekebisha. Ila marekebisho hayaingii mpaka mwenye ufunguo akubali, na mwenye ufunguo alikuwa yeye. Ukoo mzima ulijivunia. Hata mimi, hapo zamani.

Mimi ni mkutubi wa shule. Toleo jipya lilipotoka nilikuwa na kompyuta kumi na nane za kuliweka, na mwalimu mkuu alinipa hadi Jumatatu. Likagoma kwenye zote kumi na nane. Kila nikisakinisha linadai kwanza programu nyingine ndogo, ya kisasa kabisa, ambayo mikweche yetu haiwezi kuibeba. Nikachungulia ndani, kumbe tatizo ni mstari mmoja wa maagizo ya programu. Nikaubadilisha ukubali ile ndogo ya zamani, nikajaribu, toleo likakaa. Nikampelekea shemeji, maana shuleni kwetu hakiwekwi kitu ambacho wenyewe hawajakipitisha.

Hakunipigia simu. Alinijibu kwenye ukurasa wa mradi, unaosomwa na mamia ya watu: "Hii si tiba, ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mwandishi asome kwanza kabla ya kugusa asichokijua." Akafunga mjadala. Huyo ndiye shemeji ambaye Jumapili iliyotangulia alikula kwangu akaongezewa.

Nikampigia mimi.

"Shem, nina hadi Jumatatu."

"Shemeji, ile ndogo ya zamani ina tundu, wezi wanapitia humo. Wacha walioiandika watengeneze inayofaa kompyuta zenu. Miezi mitatu tu."

"Na mimi miezi hiyo mitatu nitakuwa wapi?"

"Hilo sina jibu lake," akasema, kwa ule upole wake unaokufanya utamani kuivunja simu.

Jumatatu, mbele ya walimu wote, nikavuliwa chumba cha kompyuta na kurudishwa kugonga mihuri kwenye vitabu. Chumba akapewa mwalimu wa michezo, ambaye hata kuzima kompyuta huchomoa waya ukutani. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaapa: huyu nitamwonyesha cha mtema kuni.

Sikugombana naye. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Miezi minne nilipekua mijadala yote aliyowahi kuifunga, nikawatafuta wenyewe mmoja mmoja: mkutubi wa hospitali, wa chuo cha ualimu, bibi mmoja mwenye maktaba sebuleni kwake. Niliwaliwaza, nikawachochea. Nakiri, nilichochea. Na kila Jumapili nilimpakulia chakula shemeji nikamwuliza, "Programu inaendeleaje, shem?" huku moyoni nahesabu kura. Kwa kanuni yao, kila mwaka wachangiaji humchagua wa kushika ufunguo, na hata aliyerekebisha koma moja ana kura yake. Nilihakikisha kila mtu wangu amerekebisha koma.

Siku ya kura nikagombea mwenyewe, nikapata arobaini na moja. Yeye sita.

"Yule ni damu yangu," mume wangu akaniambia.

"Na mimi ni nani yako?"

Akachukua mto wake, akalala sebuleni siku mbili.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja kukabidhi. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri. Nilitaka kumwona akivunjika, tena mbele ya kaka yake, kama mimi nilivyovunjwa mbele ya walimu. Akaniwekea mezani daftari la nywila, akaanza kunieleza pole pole. Barua zinakuja thelathini, arobaini kwa siku. Likigunduliwa tundu, lizibwe siku hiyohiyo, hata kama una msiba. Usisafiri bila kompyuta. Watakutukana, na wengi hawatarudi kukuomba radhi. Nilikuwa naandika, namsubiri alie.

"Unajisikiaje lakini?" kaka yake akamwuliza.

Shemeji akaegemea kiti. "Leo nimelala mpaka saa tatu, kaka. Miaka tisa sijalala hivyo. Tangu mwaka juzi natafuta wa kumtwisha, kila mtu ananikimbia." Akanigeukia. "Asante sana, shemeji. Mungu akubariki."

Nilimkazia macho nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alinishukuru kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililonikata maini.

Wakatoka wote wawili kwenda kuangalia mpira. Mimi nikafungua kompyuta. Barua sitini na mbili zilikuwa zinanisubiri, na ya kwanza ilitoka kwa mmoja wa wale arobaini na moja, ananiita jeuri, anauliza kwa nini mstari wake haujaingia mpaka sasa. Nilimsikia shemeji akicheka huko barabarani, kicheko ambacho tangu niolewe sijawahi kukisikia. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote.